Kazi Niliyoificha Ukweni

Mwezi Agosti, miaka michache iliyopita, nilisimama mbele ya wazee wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, nikasema uongo. Haukuwa uongo mkubwa kwa vipimo vya siasa yetu, na wala sikuusema kwa nia mbaya. Tulikuwa tumetoka Ngara alfajiri, watu saba katika gari dogo la kukodi, kwenda kumposea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Mimi ndiye niliyeteuliwa kuwa msemaji wa upande wetu, kwa kuwa mhadhiri wa chuo kikuu huaminiwa kuwa na akiba ya maneno. Baba mkubwa wa binti akauliza swali ambalo huulizwa katika kila posa: "Huyu kijana wenu anafanya kazi gani huko Dar es Salaam?"

Nikajibu: "Yuko katika kampuni ya ulinzi, mzee wangu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, hakusema neno.

Asiyezijua wilaya zetu mbili huenda akashangaa kwa nini nilichagua ulinzi miongoni mwa kazi zote za uongo. Kuna miaka ambapo msafiri wa kutoka Biharamulo kwenda Ngara, au wa kushuka kuelekea Kibondo, alipanda basi lililosindikizwa na askari, kwa sababu majambazi walikuwa wakiteka magari porini. Mtu mwenye bunduki begani ndiye aliyekuwa tofauti kati ya kufika na kutofika. Kwa mzee wa Nyakahura, mlinzi ni mtu wa maana. Nililijua hilo, nikalitumia.

Ukweli ni kwamba mdogo wangu alikuwa akilea mbwa.

Naomba msomaji asicheke kwanza. Mimi nilikwisha kucheka kwa niaba yetu sote. Dar es Salaam, kwenye vitongoji vya pwani wanakoishi mabalozi, wataalamu wa mashirika na matajiri wetu wenyewe, kuna nyumba zenye ua mpana ambako mbwa huachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, kama watoto wa chekechea. Mwenye mbwa anapokwenda likizo Ulaya, mbwa hulala huko huko. Mchana mbwa hao hufundishwa: kukaa, kusubiri, kutembea bila kuivuta kamba, na wale wenye bidii hufundishwa mchezo wa kuruka viunzi. Mdogo wangu alianza pale kama mfagia mavi, na hilo si tusi, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Baada ya miaka minane alikuwa mkufunzi. Mshahara wake ulipanda kidogo. Cheo chake katika karatasi za ofisi hakikubadilika. Aliendelea kuandikwa kibarua wa bustani.

Nilimtembelea mara moja tu, nilipokuwa Dar kwa ajili ya semina. Semina ile, nakumbuka kwa aibu, ilihusu hadhi ya kazi katika sekta isiyo rasmi. Nilimkuta uwanjani, jua la saa tisa, akiwa na jike mmoja mweusi mweupe. Mbele yao kulikuwa na viunzi vya mabomba ya plastiki, tairi la gari lililotundikwa kwenye fremu, bomba la turubai ambalo mbwa hulipita akiinama, ubao unaobembea, na fito kumi na mbili zilizosimikwa katika mstari mmoja. Kwenye fito hizo mbwa hupita kwa kujipinda, kushoto na kulia, kama sindano katika ukili. Sharti aingie fito ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Akiingia vibaya, amekosea, hata kama atazimaliza zote kwa kasi ya umeme.

Mchezo wenyewe ni mpya kuliko nilivyodhani. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, kama burudani ya kujaza muda kati ya shughuli kuu, ukiigwa kutoka mashindano ya farasi. Kanuni zake ni kali. Mwongozaji haruhusiwi kumgusa mbwa wakati wa mashindano, wala kumshikia nyama, wala kumwonyesha mpira. Njia hupangwa upya kila mara, kwa hiyo mbwa hawezi kuikariri. Anachobaki nacho ni mwongozaji wake.

Nilimuuliza mdogo wangu anamwambiaje mbwa apite wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Mbwa hasikilizi mdomo, kaka. Anasoma mabega. Ukigeuza bega kabla ya wakati, yeye kishageuka. Mimi nikikosea mguu, yeye ndiye anaangusha kiunzi, halafu watu wanasema mbwa kakosea."

Alinionyesha. Alikimbia bila kutamka neno, mkono ukiwa umeshuka, na yule jike akaruka, akazama kwenye bomba, akatokea upande wa pili, akapita fito zote kumi na mbili. Mwishoni mdogo wangu akapiga magoti, akatoa kipande cha ini mfukoni, akamsemesha Kihangaza. Mbwa wa mtaalamu wa kigeni alikuwa akielewa Kihangaza! Nikauliza iwapo wenye mbwa wanajua. Akasema hapana, hawajawahi kuuliza.

Ujuzi huu haukushuka kutoka London. Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kulikuwa na mzee aliyefuga mbwa wa kuwindia, akawavika njuga shingoni ili asikie walipo ndani ya kichaka. Baba wa mdogo wangu alikuwa mfuasi wake. Mzee yule hakuwapiga mbwa wake kamwe, na alipopita njiani watu walimpisha. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Heshima ya mbwa na ya mwenye mbwa ilikuwa moja. Siku hizi mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yameunganishwa, na tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mtu akikutwa humo na mbwa, mbwa huyo ni ushahidi wa ujangili. Wakati huohuo, Usa River karibu na Arusha, kuna kituo kilichoanzishwa na Taasisi ya Wanyamapori Afrika mwaka 2014, ambacho huwafundisha mbwa na waongozaji wao kunusa pembe za ndovu na za faru zinazofichwa kwenye mizigo bandarini na viwanja vya ndege. Ujuzi ule ule umebadili upande wa sheria.

Lakini heshima ya mzee wa njuga haikuturithisha chochote, na kwetu Ngara kuna sababu nyingine ambayo si rahisi kuiandika. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja. Nilikuwa shule ya msingi. Mto Kagera ulileta maiti. Na waliovuka walileta habari za mbwa, kwamba huko walikotoka mbwa walikuwa wakila watu. Baadaye ulimwengu ulisoma kwamba hata askari wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali walilazimika kuwapiga risasi. Mama mdogo alizisikia habari hizo kwa masikio yake, akiwa anagawa uji kwa wageni waliolala uani kwake. Mwanawe alipopata kazi Dar, alimwambia amepata kazi ya bustani. Hivyo mimi sikuwa wa kwanza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari na umri wa miaka minane, na mwanzilishi wake ni kijana aliyemhurumia mama yake. Wa kwangu haukuwa na huruma yoyote. Mimi niliona haya.

Sasa nifike kwenye jeraha. Mwaka mmoja kabla ya posa, dume mmoja mgeni, aliyeletwa siku hiyo hiyo, alimng'ata mdogo wangu kiganja cha kulia. Msimamizi wake alifanya mambo mawili upesi. Alimpigia simu mwenye mbwa kumwomba radhi kwa usumbufu, na akamwita daktari wa mifugo aje amkague mbwa asije akawa ameumia meno. Mdogo wangu alijiosha kwa sabuni bombani, akafunga kitambaa, akapanda daladala kwenda zahanati. Dozi ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa alinunua kwa fedha ya kodi ya chumba. Siku mbili alizokosa kazini zilikatwa. Cheti cha chanjo cha yule mbwa kilionekana siku ya nne, na kilikuwa kimepitwa na wakati.

Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishatokea. Chanjo ikitolewa mapema, baada ya kidonda kuoshwa vizuri kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, huzuia kifo. Ikichelewa, hakuna daktari Muhimbili wala Geneva atakayemwokoa mgonjwa. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa sababu ya mbwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu ambaye kazi yake humweka mbele ya meno ya wanyama achanjwe kabla, asisubiri kung'atwa. Katika ua ule mbwa wote walitakiwa kuwa na cheti. Hakuna aliyewahi kumwuliza mfanyakazi yeyote kama amechanjwa.

Nilipoyasikia haya nilifanya anachofanya mhadhiri akikasirika: nikaenda kusoma sheria. Nikakuta jambo ambalo silisahau. Mwaka 2008 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nayo ikapewa Namba 19. Sheria iliyoifuata, Namba 20 ya mwaka huo huo, ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Zimeketi pamoja kama majirani kwenye benchi. Ya kwanza inatambua kwamba mnyama ana haki ya kutoteswa, kutoshindishwa njaa, kutibiwa anapougua. Ya pili inasema mfanyakazi akiumia kazini alipwe fidia, na michango ya mfuko wake itolewe na mwajiri peke yake. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, unahusu sekta ya umma na ya binafsi, na haubagui mwenye tai na mwenye ufagio.

Katika ua ule Namba 19 ilitekelezwa kikamilifu. Maji safi, kivuli, chakula kwa uzito wa mwili, daktari kwa simu moja. Namba 20 haikuwa imefika, ingawa hakuna ukurasa hata mmoja kati yao. Kibarua wa bustani haumwi na mbwa, kwa mujibu wa karatasi za ofisi, basi hapakuwa na ajali ya kuripoti.

Tena kuna saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mdogo wangu alifungua geti saa kumi na mbili asubuhi, akalifunga mbwa wa mwisho alipochukuliwa, na foleni za Dar zinajulikana: saa moja usiku, saa mbili. Siku sita. Na kuna mshahara. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 ilipanga mtumishi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa apate shilingi 250,000 kwa mwezi, na yule anayelala kwa mwajiri wa kawaida 60,000. Anayefua shuka ya balozi na anayefua shuka ya mwalimu wanatumia sabuni ile ile. Naelewa mantiki ya uwezo wa kulipa. Bado inanitatiza kwamba jasho letu linapimwa kwa kumtazama anayefutiwa vumbi.

Najua baadhi ya vijana wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kukasirika kwa namna nyingine. Wanasema: nchi ambayo watoto wake wanakaa sakafuni darasani, na mbwa wana shule! Nimeisikia hoja hiyo katika ukumbi wangu wa mihadhara na niliwahi kuipigia makofi. Ina ukweli. Ila nimegundua kwamba hasira hiyo haimfikii mwenye mbwa, kwa sababu yuko nyuma ya ukuta na geti. Inamwangukia aliye karibu, yaani mlezi. Yeye ndiye anayeitwa "bwana mbwa" kwenye daladala. Yeye ndiye anayeulizwa na mafundi wa jirani kama amekula mabaki. Kazi ikionekana ya anasa, tunamtoza mfanyakazi anasa ya mwajiri.

Na hata pale mnyama anapotuletea sifa, mkono uliomlea hausikiki. Panya buku aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa nchini mwetu na shirika la APOPO lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na taasisi ya Uingereza kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Wanafunzi wangu wengi wanalijua jina la panya. Nimewauliza mara kadhaa aliyemfundisha ni nani.

Nirudi Nyakahura. Tulirudi jioni, mahari yakiwa yamekubaliwa, gari likiimba. Tulipopita Benaco, malori ya Kigali na Bujumbura yakiwa yamejipanga kando ya barabara, mdogo wangu akainama karibu na sikio langu.

"Kaka, kwani kazi yangu haina jina?"

Nikamwambia kwamba wazee wasingeelewa, kwamba posa ni siasa, kwamba tungewaeleza baadaye. Akasikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yeye anajua," akasema, akimaanisha mchumba wake. "Nilimwambia siku ya kwanza. Sasa umemwachia yeye kazi ya kuwaficha baba zake."

Tangu hapo sikuweza kufundisha somo langu la tabaka na kazi kwa sauti ile ile. Kwa miaka kumi na minne nimewaambia vijana wa watu kwamba hakuna kazi duni, kuna ujira duni tu. Siku nilipotakiwa kuitaja kazi moja mbele ya wazee kumi na wawili, ulimi ulikataa. Laiti ningesema tu: analea mbwa, anawafundisha, na ni hodari. Pengine wangecheka. Pengine mahari yangeongezeka ng'ombe mmoja.

Mwaka uliofuata mke wake alijifungua Ngara, naye akaja kwa likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kila mwaka. Hiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza yenye malipo, na aliipata baada ya kuipeleka sheria hiyo ofisini, imechapwa, mstari umepigwa chini kwa wino mwekundu. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, siku chache kabla ya tarehe 28 ambayo dunia huiadhimisha kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na afisa mifugo wa kata alikuwa amekuja kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule.

Aliyeshuhudia zoezi hilo vijijini anajua lilivyo. Watoto huwaleta mbwa kwa kamba za katani. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa maishani hujitupa, huuma kamba, humuuma mtoto. Wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukatike, na chanjo yenyewe ni sindano ya sekunde chache. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumshika mbwa. Kufikia saa nne afisa alikuwa amechanja mbwa wachache tu, na watoto wawili walikuwa wanalia.

Mdogo wangu aliacha kikombe cha chai, akavuka barabara. Hakuomba ruhusa. Aliwapanga watoto mbali mbali ili mbwa wasitazamane, akawaambia walegeze kamba. Kisha akawa anamwendea mbwa mmoja mmoja kwa ubavu, bila kumkodolea macho, anachutama, anasubiri, mkono unapita chini ya kidevu na mwingine juu ya mgongo, anamnong'oneza. Afisa anadunga. Mbwa anaondoka bila kujua kilichompata. Sijawahi kumwona afisa wa serikali akimtazama kijana wa kijijini kwa macho yale. Kufikia saa saba walikuwa wamemaliza mstari wote, na wengine walikuwa wanakimbia nyumbani kuwaleta mbwa walioachwa kwa kuogopwa.

Baba mkubwa wa Nyakahura alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Alisimama kando yangu chini ya mwembe, fimbo mkononi, akatazama kwa muda mrefu sana. Hatimaye akaniuliza bila kunigeukia:

"Mwalimu, hii ndiyo ile kampuni ya ulinzi?"

Nikasema: "Hapana, mzee. Niliwadanganya. Analea mbwa."

Hakujibu. Mdogo wangu alikuwa akija upande wetu, akiburuzwa na jibwa la manjano la mwenyekiti wa kitongoji, la mwisho. Mzee akaegemeza fimbo yake kwenye mti, akapokea ncha ya kamba, akauliza asimame wapi.